Fumbo la maneno la gazeti la Jumamosi: jinsi ya kulisoma, na jinsi ya kulitunga kwa Kiswahili

Fundi wa Herufi, Bukavu:

Ndugu na dada wa jukwaa, nawasalimu.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wale ambao, kama wengi wetu hapa Bukavu, walikulia katika mots croisés za Kifaransa, yaani mafumbo ya maneno yanayokatana, wakazizoea, kisha siku moja wakachapisha kwenye sekretaria ya mtaani fumbo la Jumamosi la gazeti la London na kukuta sentensi zisizoelekea kokote. Wengi huliacha palepale wakisema kwamba Kiingereza chao ni kidogo. Mimi nadai kwamba sababu si hiyo. Wapo wenye Kiingereza cha kutosha kufundishia wanaoshindwa na kidokezo cha maneno manne, na wapo vijana wa sekondari wanaokifumbua wakiwa na kamusi tu, kwa kuwa wanajua jambo ambalo wale hawalijui: sentensi ile haikuandikwa ili isomwe kama sentensi.

Mtunzi wa Kifaransa hukupa fasili peke yake, lakini fasili iliyopinda. Mfano unaotajwa sana ni ule unaohusishwa na mwandishi Mfaransa Tristan Bernard: « Vide les baignoires et remplit les lavabos », yaani kitu kinachotoa maji mabafuni na kujaza mabeseni. Jibu ni ENTRACTE, mapumziko ya katikati ya tamthilia, kwa sababu baignoires ni pia vyumba vya watazamaji katika ukumbi, na lavabos ni pia vyoo. Ukilipata utacheka, lakini kabla hujalipata huna cha kulithibitishia isipokuwa herufi za majibu mengine yanayolikata.

Mtunzi wa Kiingereza hufanya kazi tofauti kabisa. Kidokezo chake kina sehemu mbili. Upande mmoja, ama mwanzoni ama mwishoni, kuna fasili ya jibu ambayo kamusi ingeikubali. Upande uliobaki kuna mchezo wa herufi unaolijenga jibu lile lile kwa kuchanganya, kuunganisha, kuficha, kukata au kugeuza nyuma mbele. Fasili haikai katikati. Mabano ya mwisho hutaja idadi ya herufi. Kwa hiyo swali la kwanza unapokutana na kidokezo halihusu maana yake hata kidogo; unauliza fasili iko mwisho upi, na unakata sentensi kati ya maneno ambayo sarufi ilikuwa imeyaunganisha ili ikudanganye.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, vidokezo vilikuwa fasili za kawaida tu. Ni Uingereza ndiko mambo yalikopindishwa. Edward Powys Mathers alianza mwaka 1926 kutunga katika gazeti la Observer akijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyesifika kwa ukatili, na vidokezo vyake vililistahili jina hilo. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki aliyejiita Ximenes, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 ndicho kilichoweka sheria zinazofuatwa na wengi hadi leo: fasili sahihi, mchezo wa herufi ulio wa haki, na hakuna neno jingine lolote. Kabla yake, mwaka 1949, mtunzi aliyejiita Afrit alikuwa amekwisha kulisema kwa ufupi zaidi: mtunzi halazimiki kukusudia anachosema, lakini analazimika kusema anachokusudia.

Badala ya kuwachosha kwa mifano ya Kiingereza, nimetunga hii ya Kiswahili ili muone kwamba mashine ni ile ile.

Mbu ni ndege (5)
Kisura aliyelewa hutiwa katika chai (6)
Kila wiki vumbi huficha ziwa (4)
Mnyama juu ya nyumba (3)
Fanya kazi shambani kwenye mlima usio na kilele (4)

Cha kwanza nakifumbua mwenyewe. Ukikisoma kama sentensi, ni uongo wa kitoto. Ukikikata baada ya neno la pili, fasili ni « ndege », na herufi zimewekwa mbele ya macho yako bila kufichwa: MBU, halafu NI. Jibu ni MBUNI, ndege asiyeruka. Vingine nawaachia.


Birere, Goma:

Yaya Fundi, asante kwa uzi huu. Nimekaa na vidokezo vyako ndani ya boti asubuhi yote, na mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo hakuna atakayesema nimetafuta majibu.

Cha kisura nimekipata kwa kutilia shaka neno « aliyelewa ». Mtu aliyelewa hasimami wima, na herufi zake pia hazisimami mahali pake. KISURA zikivurugwa zinatoa SUKARI, nayo ndiyo hutiwa katika chai. Kilichonipendeza ni kwamba sentensi inakuonyesha msichana aliyedondokea kikombeni, na picha hiyo inakataa kuondoka kichwani hata baada ya kuambiwa kwamba hakuna msichana.

Cha mnyama ni PAA. Hapa hakuna mchezo wa herufi. Kuna fasili mbili zilizowekwa bega kwa bega, paa wa porini na paa la nyumba, na neno moja linazitosheleza zote. Nadhani aina hii ndiyo iliyo rahisi kuitunga katika Kiswahili, kwa sababu maneno yetu mafupi yamebeba maana nyingi mno. Naongeza cha kwangu cha papo hapo: Ndege wa shingoni (3). Ni TAI.

Kile cha mlima bado kinanisumbua. Mimi naishi chini ya Nyiragongo, mlima ambao kweli hauna kilele bali shimo lenye moto, na kila nikikisoma naufikiria ule badala ya kufikiria herufi.


Mwalimu wa Kadutu, Bukavu:

Fundi, ndugu yangu, umewafundisha watu sheria za Ximenes halafu ukazivunja katika kidokezo cha tatu.

Jibu ni KIVU, na limejificha katika herufi za mwisho za « wiki » na za mwanzo za « vumbi ». Neno « huficha » linatoa ishara, « ziwa » ni fasili, na hadi hapo sina ugomvi. Lakini « kila » linafanya kazi gani? Halimo katika fasili, halimo katika ishara, na hakuna hata herufi yake moja inayoingia katika jibu. Limewekwa ili sentensi ipendeze. Kwa sheria ulizozitaja, neno la pambo ni neno la udanganyifu, kwa kuwa msomaji mwaminifu atapoteza muda akijaribu kulitumia.

Tena nina swali la pili. Mbona kuna vidokezo mashuhuri visivyo na sehemu mbili kabisa? Kile kinachonukuliwa kila mahali ni « HIJKLMNO (5) », na jibu lake ni WATER, kwa sababu herufi zinatoka H hadi O, na kwa Kiingereza maneno « H to O » yanasikika kama kanuni ya kemia ya maji. Fasili iko wapi hapo?


Fundi wa Herufi, Bukavu:

Mwalimu wangu, nakujibu swali la pili kwanza kwa sababu ni jepesi. HIJKLMNO ni utani, na hutumika mara moja tu duniani. Akitokea mwingine kuurudia atachekwa. Watunzi hujiruhusu utani wa namna hiyo pale ambapo msomaji akifika hawezi kuwa na shaka hata chembe kwamba amefika. Sheria ya sehemu mbili ipo kwa ajili ya vidokezo vingine vyote ambavyo haviwezi kujithibitisha vyenyewe.

Kuhusu « kila », nakiacha kama kilivyo. Ndani ya « kila wiki vumbi » jibu limefichwa, na mtu anayeficha sarafu ndani ya nyumba hatakiwi kuijaza nyumba nzima kwa sarafu. Najua Ximenes asingekubali, na magazeti kadhaa ya London yasingekubali, lakini wapo wahariri wanaoruhusu, na bila « kila » ningebaki na « Wiki vumbi huficha ziwa », ambayo si Kiswahili cha mtu yeyote. Sentensi ya juu isiyosomeka ni kosa kubwa kuliko neno moja lisilo na kazi.

Kuna jambo ambalo naona limewapita, nalo ndilo lililonifanya nitunge kwa Kiswahili badala ya kutafsiri. Kiingereza hakina ngeli. Mtunzi wake anaweza kuunganisha mchezo wa herufi na fasili bila sarufi kumsaliti. Kwetu, kila kitenzi kinavaa kiambishi cha mtendaji wake, na kiambishi hicho kinafichua jibu kabla msomaji hajaanza kufikiri. Ningeandika « Kisura aliyelewa inatiwa katika chai », sentensi ingevunjika. Ningeandika « anatiwa », fasili ingekuwa ya uongo kwa sababu sukari si mtu. Njia ya kutokea ni « hu- ». Kitenzi chenye « hu- » hakimtaji mtendaji wake ni wa ngeli gani, kwa hiyo « hutiwa » kinamfaa kisura na kinaifaa sukari pia. « Ni » nacho kinafanya kazi hiyo hiyo, kama mlivyoona kwa mbu. Kidokezo hiki cha sita kinapita katika mlango huo huo: Masika yaliyochafuka ni riziki ya mvuvi (6).


Katuba, Lubumbashi:

Salamu kutoka kusini, wazee wangu wa Kivu. Masika yaliyochafuka ni SAMAKI, hilo halikunichelewesha.

Naomba nirudi kwenye fumbo la Kiingereza lenyewe, kwa sababu sisi wa Lubumbashi tuko karibu na Zambia na Kiingereza kinatufikia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, na hata hivyo tunakwama. Nakubaliana na Fundi kwamba tatizo kubwa ni namna ya kusoma, ila hajataja tatizo la pili: watunzi wana msimbo wao wa siku zote ambao hakuna kamusi itakayokueleza. Flower si lazima liwe ua. Linaweza kuwa mto, kwa sababu ni kitu kinachotiririka, na ghafla unatakiwa ujue mito midogo ya Uingereza kama Dee na Exe. Sailor, baharia, ni AB au TAR. Duck, bata, ni O, kwa kuwa mchezaji wa kriketi anayetoka bila alama yoyote husemwa kwamba amepata bata. Mkongomani aliyekulia katika kandanda atalipataje hilo? Hapa akili haisaidii. Unajifunza kwa kusoma majibu ya wiki iliyopita hadi msimbo uingie damuni. Namshauri anayeanza asione aibu kufanya hivyo: achukue fumbo pamoja na majibu yake, aiweke kando gridi, ule mraba wa visanduku, na kwa kila jibu ajiulize lilijengwaje. Kazi hiyo inafundisha kuliko kuhangaika siku nzima na gridi tupu.

Hata hivyo upo msimbo mmoja ambao ni wetu zaidi kuliko wao, nao ni alama za kemia. Watunzi wa London huzitumia kila siku. Mtoto wa Katanga anajua Cu ya shaba na Co ya kobalti kabla hajamaliza shule, na ninyi wa Kivu mna Ta ya tantali inayotoka katika koltani. Kwa Kiswahili, Cu na Co hazitufai, maana C yetu haiendi bila H. Lakini tazameni Ta, Na, Ni, Si, La na Au: hizi ni silabi zetu kabisa. Kwa hiyo:

Yanayochanua ni dhahabu katika nusu ya mama (4)

Dhahabu ni AU. Nusu ya mama ni MA. Ukiiweka ya kwanza ndani ya ya pili unapata M, AU, A.

Na kingine kwa ajili ya Bukavu, ambako nasikia watu hula makula wakati wenzetu wa pwani wanakula chakula: Makula yaliyoharibika ni silaha ya mwandishi (6).


Birere, Goma:

KALAMU! Papa Katuba, hicho kinashinda vyote. Herufi sita zile zile, na sentensi ya juu inasikika kama malalamiko ya mwanafunzi wa bweni.

Lakini katika kile cha maua, « yanayochanua » limeshatuambia kwamba jibu ni la ngeli ya li-ya katika wingi, na nusu ya kazi imekwisha kabla hatujafika kwenye dhahabu. Yaya Fundi angeandika: Huchanua dhahabu katika nusu ya mama (4). Sentensi inakuwa ya ajabu zaidi, na jibu linajificha vizuri zaidi.

Naomba pia tukubaliane kuhusu « ch », « sh », « ny » na wenzake. Je, « ch » inaingia katika kisanduku kimoja au viwili?


Mwalimu wa Kadutu, Bukavu:

Viwili, Dada Birere. Herufi moja, kisanduku kimoja, na kibainishi cha « ng' » hakiandikwi. Ukianza kuihesabu « ch » kama moja, idadi iliyo katika mabano itagombaniwa kila wiki. Tahadhari ni kwamba ukichanganya herufi za neno lenye « ch », msomaji ataikamata C mara moja na kuibandika H nyuma yake, kwa hiyo maneno hayo yanafaa zaidi kufichwa kuliko kuvurugwa.

Makula nayakubali, ingawa mhariri wa Dar es Salaam angeyafuta. Fumbo la Bukavu litungwe kwa Kiswahili cha Bukavu pale kinapotofautiana, mradi mtunzi asifanye hivyo katika fasili, kwa sababu fasili ndiyo ahadi yake kwa msomaji wa mbali.

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyeitaja, nayo ni kugeuza neno nyuma mbele. Kwa Kiingereza njia hii ni chemchemi isiyokauka. Kwetu ni kavu, na sababu yake ni rahisi: maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo neno likigeuzwa huanza kwa irabu, na ili nalo liishie kwa irabu lazima neno la asili liwe limeanza kwa irabu. Unabaki na vipande vifupi kama AU na UA, au AMU na UMA. Naviachia wavivu.

Jambo zito zaidi ni gridi. Gridi ya Kiingereza, ile ya visanduku 15 kwa 15 inayobaki vile vile ukiizungusha nusu duara, kwa kawaida hukata kila neno katika herufi moja na kuruka inayofuata. Kwa Kiingereza hilo halina madhara. Kwa Kiswahili, ambamo konsonanti na irabu hupokezana, linaleta balaa. Chukueni SUKARI. Herufi zinazokatwa zikiwa ya kwanza, ya tatu na ya tano, msomaji anapata S, K na R, na jibu limejitaja lenyewe. Zikiwa ya pili, ya nne na ya sita, anapata U, A na I, na hapo anaweza kuweka kubali, furahi, rubani, tufani, au sukari yenyewe. Katika fumbo moja kutakuwa na maneno yaliyo wazi kupita kiasi na mengine yaliyofungwa kabisa, na mtunzi hatakuwa amekusudia lolote kati ya hayo mawili.


Katuba, Lubumbashi:

Mwalimu, hoja hiyo ya gridi sikuwahi kuisikia, na sioni pa kuipinga. Basi tuchukue gridi ya Kifaransa. Ile ni ndogo, visanduku vyake vyeusi ni vichache iwezekanavyo, na karibu kila herufi hukatwa na neno jingine, kwa hiyo konsonanti na irabu zote zinasaidiwa sawa. Mwandishi Georges Perec, aliyelitungia jarida la Le Point kila wiki kuanzia mwaka 1976, alihesabu uchache wa visanduku vyeusi kama sehemu ya heshima ya mtunzi.


Fundi wa Herufi, Bukavu:

Hapo, Papa Katuba, umefika nilikokuwa naelekea bila kujua njia. Vidokezo vya Kiingereza ndani ya gridi ya Kifaransa. Kuna gharama, nayo ni kwamba gridi iliyobana hudai maneno mengi mafupi, na maneno ya herufi mbili au tatu hayavumilii mchezo wa herufi. Hayo tuyape fasili mbili, kama PAA na TAI, au fasili moja iliyopinda kwa mtindo wa Tristan Bernard. Wafaransa huandika namba za mlalo kwa Kirumi na za wima kwa tarakimu za kawaida. Tuufuate utaratibu huo ili tusiandike « mlalo » na « wima » kila mstari. Idadi ya herufi katika mabano, ambayo wao hawaiweki, tuibakize.

Tuanze na gridi ya 9 kwa 9. Mwalimu aijaze, kwa kuwa ana subira kuliko sisi sote, na kila mmoja wetu achague majibu anayotaka kuyatungia vidokezo kabla ya Jumamosi.


Birere, Goma:

Naomba nichukue la mlima, kwa sababu hatimaye limefunguka. Kilele cha neno ni herufi yake ya kwanza. MLIMA ukipoteza M yake unabaki LIMA, na kulima ndiko kufanya kazi shambani. Yaya alikuwa na akili kutochagua « mkulima », maana lima imo ndani yake kwa asili, na kukata kiambishi cha ngeli pekee si mchezo bali ni sarufi ya darasa la tatu. Ila nina sharti moja kwa Mwalimu atakapoijaza gridi. Neno lililolala halina kilele. Lina mwanzo tu. LIMA iwekwe wima.


Mwalimu wa Kadutu, Bukavu:

Imewekwa wima, safu ya 4. MBUNI iko mstari wa II. KALAMU sijaipatia nafasi bado, na KIVU itaingia tu iwapo Fundi ataniletea kidokezo kisicho na « kila ».